Jua la Januari Ghalani

Asubuhi, kabla lango la ghala la nafaka halijafunguliwa, Rosebella alipiga magoti chini ya meza na kuchomeka skrini ya tatu kwenye kompyuta iliyokuwa kuukuu kuliko karani yeyote pale. Meneja Antony alitaka kuona lango, mizani na stoo kwa mpigo, bila kununua hata waya. Skrini zenyewe zilitoka kwenye chumba cha vitu vibovu. Kadi ya picha, kile kibao kilicho ndani ya kompyuta kinachozilisha skrini, ilikuwa moja tu, na kadi za rika lake huchoka zikifika skrini mbili. Hii ilibeba ya tatu bila kunung'unika. Rosebella akaiongezea ya nne kwa adapta, halafu ya tano na ya sita. Aliipenda hapo hapo, kama mtu anavyompenda punda asiyegoma.

Ili ajue kama zinaelewana, alitandaza picha moja juu ya skrini zote: shamba la babake kule Kimilili mwezi wa Januari, mbingu bila wingu. Zikaelewana. Jua likatoka kwenye skrini, likaanguka sakafuni na kufika hadi mlangoni. Rosebella akavua sweta.

Nje ilikuwa Novemba, na mvua ya Eldoret haikuwa na haya. Wakulima walilala na magunia yao kando ya ukuta, chini ya maturubai. Ghala lilikuwa na kikaushio kikubwa, draya kwa lugha ya pale, kizima kabisa, lakini kilifanyia kazi malori ya matajiri waliojuana na meneja. Mwenye magunia machache aliachiwa Alhamisi jioni, umeme ukiwepo. Mama Jeruto wa Cheptiret alikuwa amekataliwa na mashine ya kupima unyevu mara tatu. Mahindi yake, mavuno yake yote ya mwaka, yalishaanza kunuka ukungu. Yakikataliwa tena, ni ya kumwagwa.

Aliona mwanga dirishani akaja kubisha.

"Rose, hiyo jua ni ya ofisi ama ni ya watu wote?"

"Iko tu, Mama. Leta gunia."

Walisogeza meza, wakamwaga mahindi juu ya turubai. Mama Jeruto alivua viatu akayapindua kwa kuburuta miguu, akienda na kurudi, na kila mara aliinama kung'ata punje. Wenzake walijipanga mlangoni kwa adabu, viatu mkononi. Lalamiko lilikuwa moja tu, kwamba skrini ya kona ilikuwa na kivuli cha mkuyu. Rosebella aliisogeza picha kidogo na kivuli kikahamia ukutani.

Alasiri punje ililia kati ya meno ya Mama Jeruto, na mashine ya unyevu ikamkubali. Aliketi juu ya magunia yake akalia kidogo, kwa furaha na kwa uchovu. Kisha akaipapasa ile kompyuta mgongoni.

"Huyu mzee amefanya kazi," alisema.

Meneja Antony alikuja akasimama mbele ya jua, mikono nyuma. Alifurahi kwa dhati.

"Kadi ni moja tu?"

"Moja tu, bosi."

"Hiyo ni kazi safi sana. Sasa mambo ya Alhamisi imeisha. Wakulima wako na jua yao, draya ibaki ya malori."

Akaenda zake. Rosebella aliona uchungu, tena mwingi, kwa sababu ni yeye aliyeliwasha lile jua.

"Kwani tumeharibu?" aliuliza Mama Jeruto.

"Hapana, Mama. Mahindi imekauka."

Mama Jeruto alikunja turubai, akaitazama foleni iliyokuwa imefika barabarani, akalikunjua tena na kumwachia aliyefuata. Nyuma ya ofisi kikaushio kilikuwa kikinguruma, na lori lingine likiingia bila kupimwa. Rosebella alirudi kwenye chumba cha vitu vibovu kutafuta skrini ya saba. Kadi iliipokea.