Mbio za Miguu Mitatu

Mkewe ndiye aliyembandika jina la Bingwa, na wala hakuwa anamsifu. Ilikuwa siku ile viatu vipya vya kukimbilia vilipoletwa nyumbani, akavivaa palepale sebuleni na kutembea kutoka kwenye kochi hadi kwenye friji na kurudi, uso ameukaza kama anapigwa picha ya pasipoti.

Bingwa alikuwa meneja wa mauzo, mtu wa vikao asubuhi na vikao mchana, mwenye kitambi kilichoanza kutangulia mlangoni. Mwaka uliopita binti yake alimwomba jambo moja tu: wakimbie pamoja siku ya michezo shuleni, mbio za mzazi na mtoto, mguu wa huyu umefungwa kwa utepe na mguu wa yule. Kikao kikamla. Mtoto akakaa kwenye benchi na utepe wake mkononi mpaka wenzake wakamaliza. Mwaka huu Bingwa akaapa.

"Safari hii, mwanangu, tunawafundisha watu kukimbia."

Basi yakaja makorokoro. Soksi za kubana misuli. Mikanda ya mpira aliyoifunga kwenye kabati la mafaili ofisini, akavuta mpaka kabati likamfuata. Kizibao cha uzito alichokivaa akijibu barua pepe. Na saa, bwana! Saa iliyojua mapigo ya moyo, usingizi na, ukimsikiliza mwenyewe, hata nia ya mtu. Mwenye shughuli nyingi hufanya mazoezi kwa akili, alipenda kusema. Akili ilikuwepo tele, jasho ndilo lililoadimika.

Kila jioni binti alimngoja koridoni na utepe.

"Baba, tujaribu kidogo? Hadi jikoni tu."

"Leo programu ya saa inasema miguu ipumzike."

Kesho yake programu ilisema mabega. Keshokutwa, kupumua.

"Kimbia na mjomba wako," mama alimwambia mtoto. "Kaka yangu hana saa, lakini miguu anayo."

Mtoto akakataa katakata. "Nakimbia na baba."

Siku ikafika. Wazazi wengine walikuja kama walivyo: mmoja na tai yake, mwingine kavua viatu na kukunja sketi. Bingwa aliwaka kwa fulana ya rangi ya limau, miwani ya kukimbilia na soksi hadi magotini. Binti akapiga magoti, akafunga utepe kwa makini, akainuka akitabasamu kutoka sikio hadi sikio. Mwalimu wa michezo akaweka filimbi mdomoni.

"Mwalimu, sekunde moja!" Bingwa akapaza sauti. "Saa bado inatafuta setilaiti!"

Filimbi ikalia.

"Baba, wameondoka!"

"Tulia kwanza. Isiposhika haitahesabu."

Akainua mkono juu, akageukia huku, akageukia kule, na mtoto aliyefungwa mguuni akimzunguka kwa kurukaruka. Mbele yao watu walianguka, wakacheka, wakainuka wakiwa na vumbi. Yule wa tai alipoteza kiatu na hakurudi kukiokota. Kwenye viti, mama alishika kichwa kwa mikono miwili. Binti alivuta fulana ya limau mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaacha kuvuta.

Saa ikatetemeka.

"Imeshika!" Bingwa akainama mbele, mikono tayari, mkao ule ule aliouona kwenye video za mazoezi. Akatupa hatua ya kwanza, na mguu ukamtoka mwepesi mno. Akatazama chini. Utepe ulikuwa mkononi mwa mtoto.

"Imeshika, baba?"

"Imeshika, mwanangu! Njoo, fanya haraka, tunaweza bado!"

Kule mwisho wa uwanja watu walikuwa wanakumbatiana. Binti akamshika baba yake mkono, akauzungusha utepe juu ya kioo cha saa na kukaza fundo kama alivyolikaza mguuni. Hakuwa analia. Bingwa alitamani angalau alie.

"Basi kimbia nayo," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi.