Mapafu Yaliyotangulia

Jumanne moja mwishoni mwa Machi, Mzee Ilcho alivua kofia mlangoni, akafuta matope viatuni, akaingia jikoni kwa Zlatina na kuinama mbele ya mtoto aliyekuwa akila mkate na jibini.

"Hebu mpulizie babu."

Bilyana alimeza kwanza, maana alikuwa na adabu zake, kisha akampulizia usoni. Mzee Ilcho alifumba macho.

"Cheri," alisema. "Zimeiva, tena zile nyeusi." Akaacha mayai sita mezani, akaenda kutafuta wachumaji kabla jirani zake hawajawawahi.

Watu wa kijiji cha Dolna Vishna walikuwa wameshazoea. Pumzi za Bilyana zilikuwa mbele kwa wiki kumi na mbili. Hewa aliyoitoa ilikuwa ile atakayokuja kuivuta wiki hizo zikishapita, popote atakapokuwa. Julai, watu wakivuja jasho, yeye alinukia pilipili hoho zinazochomwa uani kwa ajili ya akiba ya majira ya baridi. Alitarajiwa azaliwe tarehe kumi na mbili Machi, akaja tarehe kumi na nane Desemba iliyotangulia, na kabla hajaja mama yake, Zlatina, alichomwa sindano za kuyakomaza mapafu ya mtoto tumboni. Yakakomaa. Yakatangulia, na mwili wake uliobaki ukawa unafuata nyuma, polepole.

Sindano zilitakiwa kuwa mbili. Lakini karatasi ya Zlatina ilitundikwa kwenye kitanda cha jirani, na kila zamu ilipobadilika aliingia muuguzi mpya na kumuuliza, "Umeshachomwa?" Zlatina, aliyekuwa hajui hata ni asubuhi au jioni, alijibu, "Sijui, dada." Basi akachomwa. Alihesabu mpaka sita, akachoka kuhesabu. Cheti cha kutoka hospitalini kiliandikwa: *Sindano za mapafu: zimetolewa.* Ngapi, hakuna aliyesumbuka kuandika.

Kila masika Daktari Hadzhieva alimpima Bilyana urefu, kichwa na presha, akampulizisha kwenye mrija. Aliandika, "Mapafu mazima," na kwenye mstari wa *Mengineyo*, kwa vile fomu haikuwa na nafasi nyingine, "Yako mbele."

"Ni zile sindano?" Zlatina alimuuliza masika hayo. "Udogo huu, na kuchoka?"

"Mbili za kwanza ndizo zilizokupa mtoto, hilo usilitilie shaka. Hizo nyingine sijui. Huenda ndizo, huenda ni kuwahi kuzaliwa tu. Laiti wangeandika ni ngapi, tungejifunza kitu." Daktari alifunga faili. "Ila shule, mpe mwaka mmoja zaidi. Ikifika saa tano asubuhi hana nguvu tena."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Darasa la kwanza huingiwa mwaka mtoto anaotimiza miaka saba. Kwa kuzaliwa Desemba, Bilyana alitakiwa aingie Septemba hiyohiyo. Angezaliwa Machi kama ilivyopangwa, angengoja mwaka mzima. Zlatina alichukua barua ya daktari, akamshika mtoto mkono, akaenda ofisi ya elimu.

"Mama, mimi nakuelewa kabisa," alisema karani, mwanamke mnene aliyekuwa na mche wa nyanya dirishani. "Lakini kompyuta inauliza kazaliwa lini. Haiulizi alitakiwa azaliwe lini. Nitalipeleka ombi lako kwenye tume, watakaa Julai." Bilyana alikuwa akipiga miayo. Karani alinusa. "Mafuta ya kujipaka juani. Na bahari. Mnakwenda pwani?"

"Hatujapanga."

"Mtakwenda," alisema karani, akagonga muhuri.

Na kweli walikwenda mwezi Julai, wiki nzima, wakakaa kwa binamu wa mume wa Zlatina, wakala samaki wadogo wa kukaangwa. Ilikuwa wiki nzuri.

Lakini kabla ya hapo ilikuja Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu Juni. Bibi Stoyna, mama mkwe wake, alikuwa akitandaza shuka kavu la kitani tayari kwa alfajiri ya kesho yake, siku ya kuchuma mitishamba. Bilyana aliupulizia uji wake upoe, na jikoni kote kukanukia maua.

"Mitishamba hiyo," alisema Zlatina haraka.

"Mitishamba gani?" Bibi Stoyna alisogea akanusa. "Hiyo ni dalia, maua ya kumpelekea mwalimu. Na chaki. Na rangi mbichi ya sakafu." Alihesabu wiki kwa vidole. "Tarehe kumi na tano Septemba, binti yangu. Siku ya kufungua shule."

Zlatina aliumia moyoni, tena sana, akamaliza kuosha vyombo. Kesho yake asubuhi alimpeleka mtoto kwa karani.

"Nipe jibu langu."

"Tume haijakaa bado, mama."

"Imeshaamua. Nusa."

Karani alinusa mara mbili, kwa uangalifu wa mtu wa ofisi. "Eh. Dalia zimeanza kunyauka, lakini ni shule kweli," alikubali. "Ghorofa ya chini. Sikujua kama watapaka rangi." Alimpa Bilyana peremende.

Tume ilikaa tarehe kumi Julai, ikajadili kwa saa tatu, ikasoma barua ya daktari kwa sauti. Ombi lilikataliwa kwa kuwa mtoto ana umri kamili.

Siku ya kufungua shule Bibi Stoyna alimwaga ndoo ya maji kizingitini ili mambo ya mtoto yatiririke vizuri, na Bilyana akaenda darasani na soksi zilizolowa, amebeba dalia zilizomfunika uso. Alikuwa na furaha. Alikuwa mdogo kuliko wote, na miguu yake haikufika sakafuni.

Saa tano Zlatina alimkuta amelalia dawati. Mwalimu Penka, msichana mpole wa mwaka wa kwanza kazini, alikuwa akiwahesabisha wengine kwa sauti ya chini ili asimwamshe. Zlatina aliinama karibu na mdomo wa mwanawe. Hapakuwa na harufu ya chaki. Palikuwa na sufu iliyolowa, viatu vya mpira na maji ya dawa ya kudekia.

Mwalimu naye aliinama. "Hiyo ni korido," alisema, na uso ukamwiva. "Kwenye benchi, chini ya makoti. Mkaguzi atakuja Desemba. Hataki kuona mtoto kalala darasani."

"Kuna baridi pale?"

"Desemba? Kuna baridi, mama."

Zlatina alimshukuru, kwa sababu mwalimu alikuwa amesema ukweli na wala hakuwa mbaya. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka nyumbani, akamlaza, akamfunika. Kisha akatoa sufu nene kutoka sandukuni, ile nyekundu, akaanza kufuma mto wa kulalia kwenye benchi. Alikuwa na wiki kumi na mbili, na alitaka uwe mzuri.