Kisiwa cha Kiwanja Namba Kumi na Nne

Jumatatu ya kuhamia kijiji kipya, mwaka 1974, karani Idefonsi alifika ofisini saa moja na nusu akakuta kisiwa kwenye kiwanja namba kumi na nne. Kilikuwa bado kinachuruzika maji. Juu yake mnandi, ndege wa ziwani, walikuwa wameatamia mayai yao.

Idefonsi alifungua daftari. Aliagizwa asiache mahali popote palipo kwenye ramani, kwa hiyo mwezi uliopita alivuka Ziwa Burigi kwa mtumbwi, akabandika barua ya kuhama kwenye mti wa kisiwa hicho, ambacho hakikuwa na mtu hata mmoja. Sasa aliweka alama ya vema.

Mjumbe wa nyumba kumi, Novatus, alikipima kwa kamba. Kilizidi kiwanja kwa hatua nne. Alikiambia, nacho kikajikunja.

Saa nne aliingia Verediana, mjane wa upande wa Bisibo. Nyumba yake ilikuwa ibomolewe Jumamosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, naomba nibaki kwangu. Migomba iko maili saba kutoka hapa. Nikiiacha, nguruwe pori wataimaliza, nami nitakula nini?"

"Kila mtu anahama, mama. Hata kisiwa kimehama."

"Nimekiona. Basi na migomba yangu iandikieni barua."

Idefonsi alikunjua ramani, akatafuta kwa kidole, polepole, mpaka mpakani.

"Migomba yako haimo."

"Imo tumboni mwangu tangu niolewe."

"Huko hatuna pa kubandika barua, mama."

Jumamosi mgambo waliezua paa lake, kisha wakamsaidia kubeba vyungu. Alipewa kiwanja namba kumi na tano, kilichoangukiwa na kinyesi cha ndege asubuhi na jioni.

Kila alfajiri mnandi waliruka kwenda ziwani, naye akaenda shambani kwa miguu. Wao walirudi na samaki. Yeye alirudi na walichobakiza nguruwe, mpaka siku aliporudi mikono mitupu.

Desemba kisiwa kilitangazwa kaya ya mfano, kikazawadiwa jembe. Kwa kuwa hakina mikono, jirani aliombwa akipokelee. Verediana alipokea, watu wakapiga makofi. Akaenda nalo moja kwa moja kiwanjani kwake, akachimba mashimo mawili ya migomba. Alipoanza la tatu, Novatus akafika.

"Utusamehe, shemeji," alisema. "Lina mwenyewe."

Akalichukua, akalifuta udongo, akaenda kuliegemeza kisiwani, kati ya viota viwili.