Sikio Lenye Alama

Wazazi wenzangu, ng'ombe akifa ghafla msimguse. Mume wangu, Rra-Oteng, yaani baba wa mwanetu Oteng, ni mfugaji asiyekula nyama peke yake hapa wilayani Boteti. Ng'ombe wake mweusi alipofia zizini, alimkata sikio lenye alama yetu, kama ilivyo desturi, majirani waone si wa wizi ndipo wagawane nyama.

“Mma-Oteng, kichwa ni cha mjomba, ndiyo mila. Leta sufuria!”

Nikaona damu nyeusi, isiyoganda, ikitoka puani.

“Hiki ni kimeta, kinaua hata watu! Asile mtu hapa!”

“Mwoga wewe! Watasema nimewanyima.”

“Waseme, ilmradi wazima.”

Akaleta kuni. Tukamteketeza ng'ombe pamoja na sikio. Lakini alipokata sikio, kisu kilikuwa kimemchubua mume wangu kidole, na leo pana kidonda cheusi. Tunasubiri gari la hospitali.