Mlio wa Mstari Unaofuata

Mama mkwe wangu hafumi kwa kukadiria. Kila mjukuu wake amezaliwa akakuta blanketi lenye ndege wale wale wa bluu, na ndege hao aliwachora mwenyewe, nukta kwa nukta, katika programu ya DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, enzi ambazo wanaume wa ofisini kwake walikuwa wakiogopa hata kuiwasha kompyuta. Mimi kitu nikikiogopa hukisema vibaya. Yeye alikaa nacho mpaka kikamtii. Namhusudu, wala simfichi.

Programu yenyewe haina mbwembwe. Skrini nyeusi, herufi za kijani, na safu ya vitone inayoonyesha sindano zipi za mashine ya kufumia zisogezwe mbele. Inalia ti, anasogeza sindano, anapitisha kile kigari kinachobeba uzi. Inalia tena, mstari unaofuata unajileta wenyewe. Mikono yake ilikuwa haina haja ya macho. Ukiingia chumbani mwake wakati ule ulitamani kunyamaza, na kunyamaza si fani yangu.

Tumbo langu lilipokuwa limeshachomoza, kompyuta ile kuukuu ikatoa harufu ya kuungua, ikazima, basi. Mama alisema hakuna neno, lakini siku hiyo hakumaliza chakula chake. Ndege walikuwa humo.

Mume wangu ni fundi wa kompyuta, na mbele ya mama yake huwa fundi mara mbili. Aliyatoa mafaili ya ile kompyuta marehemu, akayaweka kwenye laptop mpya, ndani ya programu inayoigiza kompyuta za zamani. Skrini nyeusi ikarudi, na ndege wakarudi. Mama akawagusa kwa kidole, mmoja mmoja. Mimba ilikuwa ikiniliza kwa kila kitu, ila hapo nililia kwa haki.

Siku zilizofuata tulisikia mlio, kisha sindano zikigongana, kisha kimya. Akawa anafunga mlango. Mwishowe akanifuata jikoni na kuniomba nimtafute mtu mwingine wa kumfumia mtoto blanketi.

"Mikono imezeeka, mwanangu," alisema. "Mstari unaondoka sijafika hata katikati. Mumeo usimwambie, kahangaika sana."

Nilikubali kwa sababu alinishika bega. Alipotoka kwenda uani, roho iliniuma nikashindwa kutulia. Niliingia chumbani mwake, nikaiwasha programu, nikakaa kuisikiliza. Mlio ule umekuwa ukinijia kupitia ukutani tangu nilipoolewa. Nimepiga pasi kwa mwendo wake miaka yote. Huu wa sasa, ningeufuata ningelichana shati. Haikuwa mikono. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikikimbia.

Siri niliitoboa pale pale, na sijuti. Mume wangu alijipiga paji la uso. Alinieleza kwamba programu ile haiangalii saa: kati ya mstari na mstari inaiachia kompyuta ihesabu mpaka namba fulani, na hii mpya inahesabu upesi mno. Yeye aliona picha zimetokea, akaridhika. Na mama, kwa jinsi alivyoiamini programu yake, alianza kuishuku mikono yake mwenyewe. Nilikasirika hata sikujua nimkasirikie nani.

Tukamwita. Mume wangu alipunguza mwendo huku mimi nimesimama katikati ya chumba, napiga pasi hewani kama mwehu. Akapunguza tena. Nikamwambia hapo hapo, usiguse.

Mama aliketi kwenye mashine yake. Ti. Sindano, kigari. Ti. Mistari ikapanda mpaka bawa la kwanza la bluu likaonekana, na mabega yake yakashuka. Mume wangu akamwuliza kwa sauti ya chini kama mwendo huo unamfaa.

Hakugeuka.

"Iongeze kidogo," alisema. "Inanichelewesha."