Pilipili ya Mama Subira

Ukwaju ulikuwa umeanza kuchemka, na Rehma hakuwepo. Mwili wake ulikuwepo, umekalia kigoda nyuma ya nyumba yake ya Kaloleni, mkono ukikoroga sufuria kwa mwiko mrefu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwenda zake na mvuke. Ndiyo tabia yake. Mvuke wa pilipili ulipompanda usoni na machozi kumlenga, alimwona Subira. Hakumwona yule mtoto wa miaka mitatu aliyemzika. Alimwona msichana mzima wa miaka ishirini na kitu, leso kiunoni, akisuuza chupa kwenye karai na kulalamika kwamba maji ni ya baridi. Rehma humwacha alalamike. Kisha ukwaju humwagikia makaa, na msichana huondoka.

"Mama Subira! Uko?"

"Abee! Niko huku nyuma, pita."

Aliyepita alikuwa Milka, mkaanga samaki wa ufuoni, mteja wake wa miaka kumi na shoga yake wa zaidi ya hapo. Hakusalimu. Alitoa chupa ndani ya kikapu akaiweka chini mbele ya sufuria. Ilikuwa na lebo ile ile ya chupa za Rehma, mwanamke aliyejitanda kanga ameshika sahani ya samaki, na chini yake maandishi: *Pilipili ya Mama Subira*. Ila iliyokuwa ndani ilikuwa nyekundu ya kutisha.

"Onja hiyo."

Rehma akaonja kwa ncha ya kidole, akakunja uso.

"Yawa, Mama Subira, hiyo ni pilipili ama ni rangi ya kupaka boti?" Milka akauliza. "Jana mteja ametema mbele ya watu. Anasema siku hizi Mama Subira ameharibika! Absalom wa duka ameleta makreti kwa hoteli zote za huko chini. Anasema wewe umemuuzia jina."

"Mimi? Sijamuuzia mtu kitu."

Hapo ndipo Rehma alipoikumbuka ile barua. Ililetwa juzi na tarishi wa serikali, naye, kwa kuwa hakujua kusoma Kiingereza wala hakupenda kusumbua watu, aliiweka kabatini chini ya vikombe vya wageni. Milka, aliyefika darasa la saba, akaisoma polepole akiufuata mstari kwa kidole. Ilimtaka Rehma binti Salim afike ofisi ya biashara ya serikali siku hiyo hiyo ya leo, saa nne, na chupa zake zote, na aache kutumia jina la Mama Subira kwa sababu lina mwenyewe.

Rehma alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Milka hakucheka.

Mwenzangu, pale Kaloleni mwanamke akishazaa, jina lake la zamani huachiwa kitambulisho na Mungu. Rehma alikaa na mumewe Bakari, mpakizi wa mizigo bandarini, miaka saba bila mtoto, na alipokuja akaitwa Subira. Surua ikamchukua mwaka wa tatu. Bakari naye akafuata baadaye. Mtoto alikwenda lakini jina likabaki, kwa sababu hakuna mtu wa kumvua mwanamke jina la mwanawe. Aliitwa nalo bombani, aliitwa nalo sokoni, aliitwa nalo matangani. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini kila alipoitwa aliona kama mtoto ametajwa, na aliyetajwa yupo. Hilo ndilo lililokuwa pato lake kubwa. Pilipili ilifuata nyuma.

Akaifunika sufuria, akapanga chupa zake karaini, akajitwisha. Hazikuwa nyingi. Mwaka ule baada ya uchaguzi wa vyama vingi sukari ilipanda hata ikawa inauzwa kwa vijiko, imefungwa kwenye vipande vya gazeti. Rehma alipunguza kila kitu isipokuwa ukwaju. Njiani aliitwa mara sita, na mara zote sita akaitika.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu ya jumba la serikali. Aliambiwa saa nne, akaingizwa karibu saa saba. Hakuona vibaya sana. Benchi la ukumbini lilielekea dirisha, na dirisha lilielekea ziwa. Ukungu wa joto ulikuwa umeifuta ng'ambo yote, maji na mbingu vikawa kitu kimoja cheupe. Subira akaja akaketi naye. Leo alivaa viatu vya kisigino na kushika mkoba, kama karani. Rehma alimsogezea karai lisimchafue.

Afisa aliitwa Bwana Walter. Pembeni mwake, Elsie mpiga chapa alikuwa nyuma ya mashine yake, na kwenye kiti kizuri alikaa Absalom mwenye duka la jumla, mtu mpole, kalamu mbili mfukoni.

"Wewe ndio Mama Subira?" Bwana Walter aliuliza bila kuinua uso.

"Ndiyo mimi, baba."

"Hapana. Wewe ni Rehma Salim, naona hapa kwa kitambulisho. Mama Subira ni hii." Akagonga karatasi yenye muhuri. "Imesajiliwa Nairobi. Iko na namba. Mwenyewe ni Bwana Absalom."

Rehma akamgeukia Absalom, akamtazama kwa makini kama anayemtafutia dalili za uzazi.

"Bwana Absalom alimzaa Subira lini?"

Elsie alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mama, usilete mchezo hapa. Uko na cheti cha kuzaliwa cha huyo mtoto?"

"Alizaliwa nyumbani."

"Cheti cha kifo?"

"Nilimzika, baba. Kaloleni nzima ilikuja. Waulize."

"Watu si karatasi. Risiti ya hizi lebo?"

Risiti ilikuwepo. Absalom aliitoa mfukoni mwa shati, imekunjwa vizuri, tarehe ya miaka mitatu nyuma. Rehma akaikumbuka siku ile. Zamani chupa zake hazikuwa na lebo. Za nini, na kila mtu anamjua? Absalom, aliyekuwa akinunua kwake chupa za kuuza dukani, ndiye aliyemwambia wateja wa mbali hawamjui, akajitolea kumchapishia lebo kwa fedha yake. Rehma alimshukuru. Alimpa kreti nzima bure, na usiku akamwombea dua yeye na wanawe. Dua zile sasa zilimuuma kuliko kreti.

"Mama, mimi nilikusaidia," Absalom alisema kwa upole. "Hii ni mambo ya biashara tu. Usichukulie vibaya."

"Kwa hivyo ningelisajili mimi mwenyewe lingekuwa langu?" Rehma alimuuliza Bwana Walter.

"Ungeenda Nairobi. Ujaze fomu, utafute wakili, wakutangaze kwa gazeti la serikali."

"Hakuna mtu aliyeniambia."

"Sheria haiwezi kutembea nyumba kwa nyumba, mama."

Akaamuru Elsie apige chapa ahadi: kwamba Rehma binti Salim hatalitumia jina hilo tena, si kwa maandishi wala kwa mdomo. Akiweka kidole, atarudishiwa chupa zake bila lebo. Asipoweka, chupa zinabaki na kesi inafunguliwa. Absalom akaaga, ana mzigo wa kupokea. Rehma akatolewa ukumbini kungoja.

Hakuna aliyemwambia alie, wala hakulia. Aliketi benchini akisikia mashine ya Elsie ikigonga, na kila ilipogonga aliona kaburi la mwanawe kwenye makaburi ya Waislamu kule nje ya mji, mawe mawili yasiyo na maandishi. Angeweza kuyaandikisha. Alidhani hakuna haja, maana jina lilikuwa midomoni mwa watu. Subira aliyekuwa karibu naye alikuwa amevua viatu, anapunga miguu, amerudi kuwa mdogo. Rehma aliogopa, hofu ya kweli, kwamba akishaweka kidole atageuka na kukuta benchi tupu.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Walter alisimama na karatasi mkononi. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa leseni na watu wa vibali.

"Mama Subira!" akaita.

Itiko likamfika kwenye ulimi. Miaka ishirini ya mazoea si mchezo. Akalimeza, akatazama ziwa.

"Mama Subira! Njoo uweke kidole!"

Watu walimtazama Rehma. Rehma naye akageuka kutazama nyuma yake, kama mwenye kumtafuta aliyeitwa.

"Mama, si nakuita wewe?"

"Unaniita mimi, baba?"

"Kwani nani mwingine?"

"Mimi ni Rehma Salim, umeniambia mwenyewe. Mama Subira yuko hapo ndani mezani, na namba yake. Mwambie yeye aweke kidole."

Mzee mmoja wa leseni ya baiskeli alicheka kwanza, kisha ukumbi mzima. Shingo ya Bwana Walter ikatuna. "Chupa zinabaki!" akapiga kelele. "Na kesi utaiona!" Rehma alijua ataiona. Aliupakua mzigo wake wote pale ukutani, chupa alizozichemsha kwa sukari ya vijiko, akashika karai tupu, akashuka ngazi.

Milka alikuwa ng'ambo ya barabara, ameacha samaki wake kwa jirani, amesimama juani. Juu, dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi, na mtu mwenye karatasi mkononi alikuwa ameegemea kizingiti akitazama chini. Milka akapaza sauti:

"Mama Subira!"

Rehma alisimama katikati ya barabara. Akaliweka karai chini, mikono iwe huru, akaitika kwa ile sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu alipokuwa na mtoto wa kumwita arudi ndani jua likizama.

"Abee!"