Tiyo ya Mzee Norbert

Tangu asubuhi Naomie alikuwa anaketi na kusimama, anaketi na kusimama, mpaka Mama Consolate aliyemtangulia kwenye mstari akamwuliza kama siafu wameingia katika kandambili zake.

"Hakuna siafu, Mama Consolate."

"Basi kaa. Maji haina macho. Haitaona kama weye unahangaika."

Mstari wenyewe ulikuwa wa bidoni za njano za kuchotea maji, na mawe. Mwenye kwenda sokoni aliacha jiwe lake mahali pake, na hakuna aliyethubutu kuruka jiwe la mwenzake. Robine hii ya Kimanga, mfereji wa mtaa mzima, hupata maji kutoka chemchemi ya mlimani kwa tiyo moja, bomba refu la chuma. Leo ilikuwa siku ya tisa: matone mawili, kikohozi, kimya. Waliochoka walishuka kuchota ziwani, na kila mtu alijua maji ya ziwa humpa mtu nini tumboni.

Kila robine ilipokohoa, Mzee Norbert, baba yake Naomie na mshika ufunguo, aliifunga.

"Maji imechoka," alisema. "Tuache ipumuzike, ikusanye nguvu."

Watu waliitikia, maana ndivyo ilivyofanywa siku zote. Na Norbert alikuwa na haki ya kusikilizwa. Mvua kubwa ilipoporomosha mawe korongoni na kukata tiyo, ndiye aliyekusanya watu wakaiunga upya, wakaipandisha juu ya nguzo za mikaratusi ili mafuriko yapite chini bila kuigusa. Siku ile akina mama walimpigia vigelegele. Mpaka leo waliendelea kumwita injenia, naye alikuwa anaitika.

Mfukoni mwa shati la injenia mlikuwa na fishi ya shule ya Naomie, karatasi ya kujiandikisha. Hiyo ndiyo siafu. Uandikishaji ungefungwa leo saa nane mchana, na penye seksio, fani ya kusomea, baba alikuwa ameandika: ushonaji. Cherehani ya mama iko nyumbani, alisema, haihitaji kutafutiwa. Naomie alitaka seksio ya ujenzi. Baba aliuliza wazo hilo kalitoa wapi. Angejibu nini? Kwamba alisimama mbele ya nyumba mbili baada ya mafuriko akajiuliza kwa nini moja ilianguka na jirani yake ikabaki, na swali halijamwachia usingizi tangu pale?

Juma lililopita swali lingine lilikuja juu ya lile. Alikuwa kwa Tantine Laurette, anayeuza esanse, petroli ya chupa, kando ya barabara. Tantine alivuta esanse kwa mpira unaopitisha mwanga, akatema, esanse ikaanza kushuka. Kisha mpira ukajikunja kwenda juu, kiputo cha hewa kikakaa pale kwenye nundu, na esanse ikasimama. Tantine akashusha nundu kwa kidole. Kiputo kikatoka, esanse ikaenda.

"Fanya tena, Tantine."

"Mutoto, esanse si sinema."

Tangu siku ile Naomie alipanda korongoni mara tatu, akagonga tiyo kwa jiwe. Chini ya mlima ilitoa sauti nzito. Pale juu ya nguzo, pale palipopigiwa vigelegele, ililia kama sufuria tupu. Alijua hewa imekaa mle ndani. Ila kulisema ni kusema kwamba aliyezuia maji ni baba.

Alijaribu jana. "Baba, maji haichokake."

"Umesomea wapi kama maji haichokake?" Norbert alicheka. "Darasa la nane, na iko ananifundisha maji."

Jua lilipofika utosini, robine ikakohoa, Norbert akaifunga, ufunguo akautia mfukoni pamoja na fishi. Miguu ya Naomie haikumngoja. Alichukua kle kubwa ya kufungulia tiyo katika sanduku la vyombo.

"Na jiwe lako?" Mama Consolate aliuliza.

"Nilindie."

Alikuwa tayari juu ya nguzo za korongoni, kle imeshika maungio, aliposikia baba anahema nyuma yake.

"Naomie, teremuka. Ukivunja hapo, ni minye watauliza, si weye."

"Sivunji, baba. Nafungua kidogo."

"Teremuka, nasema."

Akazungusha nusu. Tiyo ikapiga mluzi mrefu, mrefu kupita mluzi wowote, na harufu ya matope ikatoka.

"Umeivunja," Norbert alisema, akaketi chini.

Mluzi ukakatika. Maji yakamrukia Naomie usoni. Akakaza maungio, akaweka sikio kwenye chuma: sufuria tupu haikuwapo tena.

"Baba, nenda ufungue robine."

Baba alishuka. Naomie alibaki ameikumbatia tiyo, mpaka ikaanza kutetemeka chini ya mbavu zake, na chini kule bidoni zikagongana.

Alipofika, maji yalikuwa yameshaangusha bidoni ya kwanza. Mama Consolate, amelowa mpaka magoti, alikuwa anamsifu mzee.

"Injenia, umeifanya namna gani?"

Norbert hakuitika. Alimvuta binti yake pembeni.

"Itasimama tena?"

"Itasimama. Hewa itarudi kukaa pale juu. Inaomba robine kadogo pale kwenye nundu, ya kuitoa."

"Nani aliipandisha tiyo pale?" baba aliuliza, kama asiyejua.

Naomie alifuta matope kwenye kle. Baba akatoa fishi, imelowa pembeni, akaomba biki kwa mtu, akakata neno moja, akaandika lingine juu yake.

"Kimbia. Saa saba imepita."

"Twende wote, baba. Wanapenda kuona mzazi."

"Wataona sahihi. Minye nabaki. Hawa mama wananingojea, lazima wajue habari ya ile tiyo."

Naomie alivua kandambili, akazishika mkononi na kukimbia, fishi kaibana kifuani isipeperuke. Nyuma yake alimsikia baba anaanza, kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea: "Banamama, munisikilize. Maji haikuwa imechoka..."

Alitamani kusikia mwisho wake. Miguu haikukubali.